Chumba cha Magharibi

Chumba nilichompa mama yangu alipohamia kwangu Tabata kinatazama magharibi. Nilimpa hicho kwa sababu kiko jirani na choo, na mzee aliyevuka miaka themanini anahitaji hilo kuliko dirisha zuri. Masika na kipupwe vilipita bila shida. Ilipofika Januari fukuto la Dar es Salaam likakaza, na chumba kikawa hakilaliki. Saa nne za usiku ukiweka kiganja kwenye plasta ulilisikia jua la jioni limebaki humo. Mama akawa anachukua mkeka wake na kujilaza sebuleni chini ya pangaboi, alfajiri anaamka kichwa kinamuuma na midomo imemkauka.

Daktari wa kliniki ya presha alinieleza jambo lililonitia hofu. Mwili wa mzee hautoi jasho kama wa kijana, kiu yake huchelewa, na baadhi ya dawa za presha, hasa zile zinazomfanya mtu akojoe mara kwa mara, humpunguzia maji zaidi. Kwa mtu wa hali hiyo usiku wa joto kali ni hatari, hata kama hana homa na halalamiki. Nilitoka kliniki nimekwisha kuamua kwamba chumba cha mama kitawekwa kiyoyozi. Swali lilikuwa kipi, na kitaendeshwaje katika nyumba ambayo mita yake ya umeme ya Luku hujazwa kwa mshahara wa mwalimu.

Mwenyewe mama hakutaka hata kusikia. "Mwanangu, hiyo baridi ya mashine itaniletea kichomi," alisema, na alikuwa na sababu zake. Kiyoyozi alichokijua ni cha benki na cha ofisi za serikali, ambako mtu huingia na jasho akatoka anatetemeka. Nilimwahidi kwamba baridi ya namna ile haitaingia chumbani kwake.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majokofu Tanga. Alianzia kwenye kiwanda cha barafu, enzi ambazo barafu ilisagwa na kupakiwa kwenye masanduku ya samaki, akaja kuwa fundi wa viyoyozi vya dirishani, vile vya sanduku moja vilivyokuwa vikinguruma katika ofisi za mkonge na katika hoteli chache za mjini. Wakati wa likizo nilimfuata kazini nikimshikia tochi na geji. Kwake nilijifunza mapema kwamba mashine ile haitengenezi baridi. Inafyonza joto lililomo chumbani, inalibeba kwa gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba, kisha inalimwaga nje. Umeme tunaoulipia ni ujira wa hamali. Hamali mwenye afya, kwa wati 700 za umeme, anatoa nje wati 2,600 za joto. Hamali mchovu anataka wati 900 au zaidi kwa mzigo uleule. Na nyumba inayoingiza joto kutoka kila upande inamrundikia mizigo usiku kucha, awe mzima au awe mchovu.

Ndiyo maana sikuanzia dukani. Nilianzia darini.

Nyumba yetu imeezekwa mabati. Chumba cha mama kilikuwa na silingi bodi nyepesi iliyoachia pembeni, na juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa kenchi na hewa iliyofungiwa chini ya bati. Bati likipigwa na jua la Februari halishikiki kwa mkono, na joto lake hushuka hadi kwenye dari, na kutoka kwenye dari hadi kwa aliyelala. Seremala aliibandua silingi yote, akatandaza chini ya bati ile karatasi yenye uso wa fedha inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, akapiga dari jipya na kuziba kingo zake zote. Kisha akatoboa matundu yenye wavu kwenye pembetatu mbili za paa, moja kila upande, ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea. Kazi hiyo ilinigharimu pesa ambayo jirani mmoja alisema ningeinunulia kiyoyozi kikubwa zaidi, na mambo yakaisha. Ningefanya hivyo, ningekuwa nalipia ukubwa huo kila usiku kwa miaka yote ambayo mashine ingeishi.

Ukuta ndio uliofuata. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita mchana, mwezi wa kwanza na wa pili, linakuwa karibu na utosi, na upenu mfupi tu unazikinga kuta za kaskazini na za kusini. Jua la saa kumi ndilo adui. Linakuja limeinama, linapenya chini ya upenu na kuupiga ukuta wa magharibi mpaka lizame. Tofali la saruji hulifyonza joto hilo taratibu na kulitoa upande wa ndani saa kadhaa baadaye, wakati ambapo watu wanapanda kitandani.

Nyumba ya babu Pangani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, ilikuwa na kuta nene kiasi kwamba sisi watoto tuliweza kukaa ndani ya dirisha tumekunja miguu. Mchana ndani mlikuwa na ubaridi ambao nikifumba macho nausikia mpaka leo. Usiku kuta zile nazo zilirudisha joto lake, na ndiyo sababu watu wazima walilala barazani au uani. Sisi siku hizi hatulali uani, kwa ajili ya mbu na wezi, kwa hiyo ukuta wenye joto tunafungiwa nao chumba kimoja. Dawa yake ni jua lisiufikie kabisa. Nilisimamisha fremu ya mabomba hatua moja kutoka ukutani, nikaitandazia ule wavu mweusi wa kivuli wanaoutumia wakulima wa mboga, na chini yake nikapanda pasheni itambae. Pazia zito la ndani halifanyi kazi hiyo, maana jua likishapita kwenye kioo limeshaingia nyumbani na halitoki.

Mwisho nikaziba mianya. Dirisha lilikuwa la luva, zile kanda za vioo ambazo hata zikifungwa zinapitisha hewa, na juu yake palikuwa na tofali za maua. Kiyoyozi kilichowekwa kwenye chumba cha namna hiyo kinakausha hewa ya mtaa mzima. Luva ziliondoka, likaja dirisha la kufunga sawasawa, na tofali za maua nikazitengenezea kibao chenye bawaba. Sikuzijenga kwa saruji, kwa sababu upepo wa kusi ukianza tunazifungua na mashine haina kazi, na kwa sababu chumba kilichofungwa usiku kucha lazima kipate hewa safi asubuhi.

Baada ya kazi hizo chumba kikawa kinalalika siku nyingine bila mashine yoyote. Zile siku ambazo hakikulalika ndizo nilizoendea Kariakoo.

Nilikwenda na vipimo: mita 3.5 kwa 4, yaani mita 14 za mraba. Muuzaji, kijana mchangamfu, hakuuliza kuhusu paa wala ukuta. "Chukua elfu kumi na nane, mama. Inapoza fasta, hutajuta." Viyoyozi huuzwa kwa BTU, kipimo cha joto ambalo mashine inaweza kulihamisha kwa saa. BTU 12,000 ni sawa na wati 3,500 hivi. Baba na mafundi wenzake waliziita tani moja, kwa kuwa ndilo joto linaloyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, kilo 907, kwa saa 24. Kadirio ninalolitumia kwa chumba cha kulala chenye dari zuri na kivuli ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Kwa chumba cha mama hesabu ilikuja 8,400, kwa hiyo 9,000 zilitosha. Chumba kilicho chini kabisa ya bati lisilo na dari, au chenye kioo kikubwa upande wa magharibi, au sebule inayopakana na jiko, kitataka zaidi. Lakini huko nako ningeanza na dari na kivuli.

Kununua kubwa kupita kiasi si kupoteza pesa tu. Mashine kubwa ikiwekwa kwenye chumba kidogo hushusha joto kwa dakika chache, ikaridhika na kuzima kabla haijakausha hewa. Unabaki na chumba chenye baridi ya majimaji, shuka zinanata, na mtu anashusha rimoti hadi 18 akidhani hakijapoa. Pwani yetu tatizo kubwa ni unyevu kuliko digrii. Na unyevu ndio ulioleta mashine hizi duniani. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana wa Kimarekani, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms huko Brooklyn: karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa unyevu, na rangi zikawa haziangukii mahali pake. Mtambo aliouchora kwa ajili ya karatasi hizo, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa viyoyozi vya leo, kazi yake ya kwanza ilikuwa kudhibiti unyevu. Mashine ndogo inayofanya kazi taratibu usiku kucha huikausha hewa muda wote. Usiku wa Februari mpira wa maji wa chumba cha mama hujaza dumu la lita tano, na asubuhi maji hayo tunaimwagilia pasheni.

Kilichonichukua muda mrefu dukani ni kusoma kibandiko cha chuma kilichobandikwa ubavuni mwa kila mashine. Watu hutazama nyota za kuokoa umeme. Kenya ina kanuni za nyota tangu mwaka 2016, na mnunuzi wa Mombasa akiziona anajua zimepimwa kwa sheria ipi. Lakini bidhaa zinazofika kwetu zimetengenezwa kwa masoko mbalimbali, na nyota tano za nchi moja si lazima zilingane na tano za nchi nyingine. Kwa hiyo mimi natafuta namba mbili: wati za kupoza na wati za umeme. Unaigawa ya kwanza kwa ya pili. Mashine moja ya BTU 9,000 ilikuwa na 2,600 kwa 900, jibu linakaribia 2.9. Nyingine ya ukubwa huohuo ilikuwa na 2,600 kwa 700, jibu 3.7. Hakuna muuzaji anayeweza kubishana na hesabu hiyo, na ningependa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila boksi.

Ile ya 3.7 ilikuwa ya inveta. Kompresa ya kawaida ina hali mbili tu, kukimbia kwa nguvu zote au kuzima. Ya inveta hubadilisha mwendo: inaanza kwa kasi, chumba kikishapoa inapunguza na kuendelea kutembea polepole. Ikitembea polepole hutumia umeme kidogo kwa kila kiasi cha joto inachokitoa, kwa hiyo usiku ukiwa mrefu faida yake ni kubwa kuliko namba ya kibandiko inavyoonyesha. Tena haishtui laini ya umeme inapowaka, jambo lenye maana kubwa mitaani kwetu ambako jioni taa hufifia kila jirani anapopasha maji. Udhaifu wake uko kwenye bodi ya elektroniki. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayoungua, na bei yake inauma. Gadi ya kuchelewesha umeme, breka yake peke yake na waya wa ethi unaofika ardhini kweli, hivyo vitatu havina mjadala. Kwa sebule inayowashwa saa moja wageni wakija Jumapili, mashine ya kawaida yenye namba nzuri inatosha, sioni sababu ya kulipa zaidi. Kwa chumba cha kulala cha mzee niliona inveta ni lazima, ingawa bei ilizidi kwa karibu theluthi.

Kulikuwa na jambo la tatu kwenye kile kibandiko: aina ya gesi. Baba alifanya kazi zaidi na R-22, ambayo ikivuja huharibu tabaka la ozoni na ambayo dunia imekuwa ikiiondoa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Iliyoichukulia nafasi kwa wingi, R-410A, haigusi ozoni, lakini inatia joto dunia vibaya: kilo moja ikipotelea hewani ni sawa na zaidi ya tani 2 za kaboni dioksaidi. R-32 iko chini sana, karibu kilo 675 kwa kilo. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Najivunia kwamba mapatano yenye uzito huo yanabeba jina la mji wa jirani zetu. Ghana nayo ilipiga marufuku kuingiza viyoyozi na majokofu ya mtumba, na marufuku hiyo ikaanza kusimamiwa mwaka 2013. Kwetu bado naona viyoyozi vilivyokwisha kuchoka ughaibuni vinauzwa kama bahati kwa mtu wa kipato kidogo. Huyo ndiye atakayelipa umeme mwingi kuliko wote, na sikubali kwamba hilo ni bahati. Nilichukua ya R-32.

Mashine nzuri ikifungwa vibaya inakuwa mbaya siku hiyohiyo. Fundi wa kwanza aliyekuja alikuwa na drili, geji na moyo wa kazi. Alipomaliza kuunganisha mabomba alitaka kuachia gesi kidogo ili isukume hewa itoke, halafu afunge. Nilimwomba asubiri. Nilimwuliza, "Fundi, pampu ya kuvuta hewa iko wapi?" Akajibu kwamba kwa mabomba mafupi hivyo haihitajiki. Ninajua baba angesemaje. Hewa inayobaki ndani haigeuki kimiminika kama gesi inavyogeuka. Inakaa inapandisha shinikizo na kumwongezea kompresa kazi. Unyevu unaobaki ni mbaya zaidi, maana unachanganyika na oili, unafanya asidi, na asidi inakula waya za mota kidogo kidogo mpaka siku itakapokufa na watu waseme ni mchina. Nilimlipa nauli, nikamwita mwingine mwenye pampu. Huyo aliiacha ivute karibu nusu saa, akafunga, akakaa akiitazama geji aone kama sindano inarudi. Haikurudi. Ndipo akaachia gesi.

Tulibishana pia kuhusu mashine ya nje. Wezi wa shaba wapo, na mtaani kwetu watu huifungia kwenye sanduku la bati lenye kofuli, na matundu machache ya kupumulia. Mashine ya nje kazi yake ni kumwaga joto. Ukiifungia, inavuta hewa ileile iliyoitema, na umeme unapanda. Tulitengeneza kizimba cha nondo zilizoachana, kikapigwa bolti ukutani juu sana upande wa kusini, chini ya upenu. Mahali pa kwanza alipopachagua fundi pangepuliza moja kwa moja kwenye dirisha la jiko la jirani. Joto tunalolitoa kwetu halipotei, linakwenda kwa mtu, na jirani huyo anapika kwa mkaa tangu saa kumi na moja alfajiri. Kuongeza mita moja na nusu ya bomba ni gharama ndogo kwa ujirani wa miaka mingi.

Kuendesha kumekuwa rahisi kuliko kununua. Wiki ya kwanza niliweka 27, vibao vya upepo vimetazama dari, na pangaboi linazunguka kwa mwendo mdogo. Feni ya darini hula wati 60 au 70, na upepo wake humfanya mtu ahisi chumba kimepungua digrii mbili au tatu. Mama alikaa akisubiri kichomi, hakikuja. Wiki iliyofuata akaniambia niteremshe kidogo, tukakaa kwenye 26, na ndipo tulipo. Wajukuu wakiingia wakaishusha hadi 16 ili "ipoe haraka", anawaambia, "Bibi yenu si samaki." Wala haiharakishi vile wanavyodhani, 16 inaiambia mashine isipumzike mpaka ifike huko, na chumba cha bati Dar es Salaam huenda kisifike. Mamlaka ya India inayosimamia matumizi ya nishati hukadiria kwamba kila digrii unayoipandisha huokoa karibu asilimia 6 ya umeme, na tangu Januari 2020 serikali yao imeagiza viyoyozi vya vyumbani vianze na 24 vinapowashwa. Japani tangu mwaka 2005 inawahimiza watumishi wa ofisini wavae mashati mepesi bila tai, na viyoyozi viwekwe 28. Ofisi zetu za Dar es Salaam, ambako watu huvaa sweta mwezi wa pili, zingeweza kuanza na hilo kesho asubuhi.

Nilitaka kujua gharama kwa yakini, kwa hiyo nilikuwa nasoma mita ya Luku wakati wa kulala na tena alfajiri, nikitoa kiasi cha friji. Usiku wa saa nane, kwa 26 na pangaboi, kiyoyozi cha mama hutumia karibu uniti 3. Cha mdogo wangu Mbezi, cha ukubwa huohuo lakini cha kawaida, na chumba chake hakina dari la maana, hutumia 5 hadi 6. Kwa uniti inayokaribia shilingi 350 pamoja na kodi na tozo, mimi nalipa kama shilingi elfu moja kwa usiku, yeye karibu elfu mbili. Msimu wetu wa joto, Desemba hadi Machi, tofauti hiyo inakaribia laki moja, na kile nilichozidisha dukani kinajirudisha kwa misimu mitatu hivi. Kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na wa kawaida 292. Uniti 3 za usiku ni 90 kwa mwezi, na hizo peke yake zinakuvusha mstari. Anayeishi chini ya mstari huo aipige hesabu hiyo kabla ya kwenda Kariakoo, kwa sababu taa, friji na pasi zake zote zitapanda bei pamoja na kiyoyozi.

Vichujio naviosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili wakati wa joto, kwa maji ya bomba tu, nikavianika kivulini. Vumbi la Tabata linatosha kuvigeuza blanketi kwa mwezi mmoja. Kaka yangu anayeishi karibu na bahari Tanga huongeza kazi moja: anaimwagia mashine ya nje maji baridi mara kwa mara ili kuondoa chumvi, la sivyo mapezi yake ya alumini huliwa yakabaki unga.

Msimu wa pili ubaridi ulipungua. Fundi aliyeletwa na rafiki alishika bomba, akatikisa kichwa. "Gesi imeisha, mama. Hizi huwa zinaongezwa kila mwaka." Gesi ya kiyoyozi hailiwi wala haiungui, inazunguka ndani ya duara lililofungwa, na ikipungua kuna mahali inapotokea. Anayekuongezea bila kupatafuta anakuuzia kitu ambacho kitakuwa hewani baada ya miezi michache, na kila kilo ya kitu hicho naijua ina madhara gani. Nilichanganya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, nikampa sponji. Tulipaka kila nati. Kwenye ya pili, nyuma ya mashine ya nje, sabuni ikaanza kutoa mapovu madogo yasiyokoma. Nati ililegea. Alikata mdomo wa bomba, akautanua upya, akakaza, akavuta hewa, akapima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko. Haijaongezwa tena. Yule kijana aliniuliza nilisomea wapi, tukakaa tukimzungumzia baba mpaka magharibi ilipoadhiniwa. Sasa ndiye fundi wetu. Huja Novemba kabla ya msimu, na kipupwe kikiingia nazima breka kabisa ili mashine isiendelee kula umeme wa kusubiri rimoti.

Jirani yule wa kiyoyozi kikubwa alikuja mwezi uliopita. Mwanawe na mkewe wamepata mtoto, chumba chao ni cha nyuma, na anataka nimsindikize Kariakoo. Alitaka kujua kama elfu kumi na mbili zinatosha. Nilimwazima futi kamba, nikamwomba apime chumba, aangalie ukuta unaopigwa na jua la jioni ni upi, na apande ngazi achungulie juu ya dari. Jioni alirudi na vipimo vyote. Juu ya chumba kile, akasema, hakuna dari. Kuna nailoni na bati. Seremala ameshakuja kuona, anasubiri mbao zikauke.